Besi Iliyopotea Njia Panda

Mimi ni mpiga besi, na mpiga besi hukumbukwa siku besi ikikosekana tu. Siku yangu ilikuwa Jumamosi, kwenye harusi hapa Mazimbu, mbele ya mjomba wa bibi harusi.

Chanzo ni tamaa. Nina pedali ya fazi. Nikiikanyaga, gitaa linanguruma kama lori la ndizi linalopanda milima ya Uluguru kwa gia ya kwanza. Kasoro yake ni moja: inakula sauti ya chini. Uzi mnene wa E hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na mtikisiko huo ndio unaoingia tumboni mwa mchezaji. Fazi inaufyonza, inakuachia ukwaruzo. Dawa yake ni kutozipanga pedali foleni moja. Unaigawa sauti njia mbili: moja inapita kavu, haiguswi na mtu, inabeba uzito, ya pili inapita kwenye fazi, inabeba ukali. Mbele ya safari zinakutana.

Chumba changu hakiko mbali na Kampasi ya Solomon Mahlangu ya chuo kikuu cha SUA, majengo ya ile shule ya chama cha ANC cha Afrika Kusini iliyoanza 1978, yakakabidhiwa kwa Tanzania 1992. Vijana walisoma pale wakijiandaa kuikomboa nchi yao. Mimi, jirani yao wa kizazi cha baadaye, nilikuwa nahangaika na adapta. Pedali zangu zinataka volti 9, hasi ikiwa katikati ya ncha. Nikachomoa ya kwenye ruta, volti 12, chanya katikati, kwa sababu tu iliingia vizuri. Pedali yangu ya kompresa ikatoa moshi mwembamba, nikaizika kwenye droo bila matanga.

Zilizobaki nikaziunga kwa waya wenye panda kama manati, na mwishoni nikaweka kiboksi cha kuchanganyia. Nikajaribu njia kavu peke yake: safi. Fazi peke yake: tamu ajabu. Kabla sijazijaribu pamoja umeme ukakatika, na bendi ikaja kunipitia.

Ukumbini, bibi harusi anaingia, nikafungua njia zote mbili. Besi ikaondoka. Sisemi ilipungua, iliondoka. Ukabaki mlio wa nyuki ndani ya debe. Nikaongeza njia kavu, mambo yakazidi kuharibika. Mpiga ngoma akanitazama kama mtu aliyeachiwa mkokoteni peke yake katikati ya kilima.

Sasa, kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba harusini si mwalikwa, ni mwenye shughuli. Akainuka kwenye kiti chake, akapita katikati ya wanaocheza bila kucheza, akainama sikioni mwangu.

“Mwanangu, huu ni mji wa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe. Besi iko wapi?”

“Iko kwenye njia mbili, mjomba.”

“Basi irudishe kwenye moja.”

Nikachomoa kila kitu, nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya. Shangwe iliyopigwa hapo nilijua si ya kwangu, lakini niliipokea.

Jumatatu nikabeba furushi langu hadi kwa fundi redio mjini. Alicheka kwanza, akaeleza baadaye. Fazi yangu hupindua wimbi: njia kavu ikipanda, yenyewe inashuka. “Ni watu wawili wanasukuma mlango mmoja, huyu yuko nje, yule yuko ndani,” alisema. “Mlango utakwenda wapi, mdogo wangu?” Nilipoongeza njia kavu nilikuwa namwongezea nguvu yule wa nje, mpaka wakatoshana. Ukwaruzo ulisalimika kwa sababu umezaliwa humohumo ndani ya fazi. Kwenye njia kavu hauna wa kushindana naye.

Akafunga saketi ndogo ya kugeuza wimbi, pamoja na swichi. Alipoibonyeza, bati la kibanda likaitikia, na mama lishe wa jirani akashika sufuria lake kwa mikono miwili.

Harusi nyingine ni mwezi ujao. Kamati imetuma ujumbe kwamba nije na waya mmoja. Kwa hiyo fazi inauzwa, pamoja na swichi yake. Anayeitaka anikute Mazimbu, ila aje na adapta yake: volti 9, hasi katikati.