Chujio la Tatu la Bwana Mkubwa

Bwana mkubwa mmoja wa Nyali ana tangi la samaki la maji chumvi, lita 2,000, sebuleni kwake, na bahari yenyewe iko nyuma ya ukuta. Hatumsemi, kila mtu na starehe yake. Ila juzi kaagiza chujio la tatu la bakteria, eti maji hayajatulia.

Vile vipande vya kauri vyenye vitundu si vibaya. Bakteria hukaa humo, wakageuza amonia wanayotoa samaki kuwa nitriti, kisha nitrati. Lakini bakteria hawazaani kwa kuwa umewajengea ghorofa; huongezeka kwa kadiri ya amonia iliyopo, na chujio la kwanza lilishaimaliza. Hilo la tatu ni nyumba ya kupanga isiyo na wapangaji.

Kinachomsumbua ni nitrati, na chujio la namna hiyo haliiondoi, ndilo linaloitengeneza! Huondoka kwa kubadilisha maji, au ndani kabisa ya mawe ya matumbawe, kusikofika oksijeni, ambako bakteria wa aina nyingine huigeuza gesi ya nitrojeni. Ndoo anazo. Anachohofia ni zulia.

Halafu kuna chewa wake, anayerushiwa kamba wabichi kila mgeni aingiapo, ili aonekane akimeza. Wanaomponyoka huozea chini ya mawe. Fundi alipogusia habari ya kupunguza mlo, aliambiwa afunge pampu kubwa zaidi.