Mwongozo wa Kumkamata Mwizi wa Volti Kolwezi

Kihisi cha vumbi kikinyamaza saa mbili usiku, hukumu hutolewa papo hapo: kimekufa, kinunuliwe kingine. Ngojeni kwanza! Katika mji huu vihisi vingi vinazikwa vikiwa hai. Mara nyingi kilichopotea ni volti, na mwizi wake yuko palepale mezani.

Kazi ya kupima vumbi hapa ni nzito. Kule Kingamyambo mabaki ya uchenjuaji wa shaba na kobalti yamelundikana tangu miaka ya 1950. Ukiyajumlisha na yale ya mto Musonoi yanazidi tani milioni 100, na tangu 2018 yanachukuliwa upya ili yachujwe tena. Kiangazi kikishika, malori ya madini yakipita, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria. Anayetaka kulipima kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kihisi cha SDS011 anaisaidia kartye nzima. Basi, yaya, fuata hatua hizi.

1. Usizime. Mkono utakuwasha uchomoe na kuchomeka tena. Uzuie! Kompyuta ikizimwa inasahau, na nyayo za mwizi zinafutika. Andika kwanza `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0, kompyuta haijaona upungufu tangu iwashwe. Likiwa 0x50000, upungufu ulipita. Likiwa 0x50005, upo sasa hivi unapotazama. Halafu soma `dmesg`. Ukiona kihisi kimetoka na kurudi mara kwa mara, hakijafa, kinazimia tu.

2. Usiridhike na 0x0. Kompyuta hulalamika volti zikishuka chini ya 4.63, lakini SDS011 inataka kati ya 4.7 na 5.3. Katikati ya 4.63 na 4.7 ndipo mwizi anapojificha: kompyuta inasema mambo ni shwari, na kihisi kinakufa njaa. Chukua multimita, gusa pini ya 4 na ya 6 bila kuzigusanisha, na usome wakati feni ya kihisi inapoanza kuzunguka. Hapo ndipo kinapovuta zaidi.

3. Kamata waya. Huyu ndiye mshukiwa mkuu. Waya mwembamba wa namba 28, wenye urefu wa mita 1, hula takriban volti 0.4 kwa kila ampea, ukihesabu kwenda na kurudi. Chaja ikitoa 5.1, kwa ampea moja mwishoni zinafika 4.7. Waya ukiwa wa mita 2, zinafika 4.3 hivi, na hapo hakuna kihisi kitakachokuheshimu. Tafuta waya mfupi na mnene. Namba ikipungua, unene unaongezeka. Na chaja ya Pi 4 iwe ya volti 5.1 na ampea 3, wala usiamini kila kilichoandikwa mgongoni mwa chaja ya simu.

4. Hesabu walaji. Matundu yote ya USB ya Pi 4 yanagawana ampea 1.2. Modemu ikianza kutuma data huvuta kwa pupa, na kihisi kinabaki mkono mtupu. Modemu na diski zipelekwe kwenye kigawanyio cha USB chenye adapta yake.

5. Fanya delestaji yako mwenyewe, yaani ujikatie umeme. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga, ya mwaka 1982, inasafiri kilomita 1,700 hivi hadi hapa Kolwezi, na mabwawa ya Nzilo na Nseke ni jirani zetu. Hata hivyo nyumba zetu hukatiwa umeme, kwa hiyo kihisi kinahitaji akiba. Lakini pawabenki nyingi huzima kwa kufumba na kufumbua umeme wa ukutani unapokatika au kurudi, na kompyuta inaanguka nazo. Ijaribu mchana, chai mkononi: chomoa, chomeka, rudia mara kumi. Kompyuta ikijiwasha upya hata mara moja, pawabenki hiyo ibaki ya simu.

6. Usikiite kihisi kwa jina la jana. Kihisi kilichoitwa ttyUSB0 kinaweza kuamka kikiitwa ttyUSB1, na programu yako ikaendelea kubisha kwenye nyumba iliyohamwa. Tumia anwani za `/dev/serial/by-path`, zinazofuata tundu lenyewe, kwa sababu vihisi viwili vyenye chipu ya CH340 hufanana kama mapacha. Programu nayo iandikwe ijue kufungua upya mlango uliofungika.

7. Kipe usingizi. Leza ya SDS011 imekadiriwa saa 8,000, na mwaka una saa 8,760. Ikifanya kazi dakika 1 katika kila 5, itadumu zaidi ya miaka 4.

8. Pengo liandike pengo. Hatua hii usiiruke. Umeme ukikatika jioni, jenereta zinaunguruma na mbabula za makala zinawashwa. Saa ambazo kihisi hulala kwa kukosa umeme ndizo hewa inapochafuka. Ukiweka sifuri mahali pa pengo, au ukakokotoa wastani kana kwamba hakuna kilichokosekana, Kolwezi itaonekana safi kuliko ilivyo. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo ya 2021, linashauri chembe ndogo za PM2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo katika saa 24. Saa 24, si saa 15 zilizobahatika kupata umeme. Kando ya kila wastani andika ni saa ngapi zilizopimwa kweli. Siku wakaaji watakapokaa meza moja na kampuni na wakubwa wa mkoa, daftari lenye mapengo yaliyokiriwa litasimama. Lenye sifuri za uongo litaanguka kwa swali la kwanza, na litawaangusha wote waliolitegemea.