Wifi Yuko Njiani, Kamba Wako Karaini

Mtu aliyewahi kula nje katika nchi za Ghuba hahitaji kujulishwa kamba wa dainamaiti. Huletwa mezani ndani ya gilasi yenye mguu mrefu. Chini majani ya saladi, juu kamba waliokaangwa wakavishwa rojo la rangi ya machungwa, lenye mayonezi, pilipili na utamu wa asali au sukari. Ukiuma, ganda linavunjika kwanza, kisha unakutana na nyama laini, na kabla ulimi haujaamua kama umechomwa au umebembelezwa, mkono umeshamfuata wa pili. Tatizo ni kwamba gilasi ina kina kifupi, na kwenye meza ya watu sita huyo wa pili huwa yuko tayari kinywani mwa mwingine.

Kwa asili chakula hiki si cha Ghuba. Miongoni mwa waliowazoesha watu ni P.F. Chang's, mkahawa ulioanzishwa Scottsdale, Arizona, mwaka 1993 na Paul Fleming pamoja na Philip Chiang. Ndugu za kamba huyu wametapakaa. Bonefish Grill ya Florida, iliyoanza mwaka 2000, inajulikana kwa kamba wa jina jingine lakini wa sura ileile. Mikahawa ya Kichina ya Hong Kong na Marekani nayo ina kamba wa asali na walnati, ambao rojo lao ni mayonezi na maziwa mazito ya kopo. Ukoo mmoja wote: kamba anakaangwa mpaka anakauka, halafu anapakwa kitu kitamu chenye mafuta.

Maelezo ya namna hiyo ndiyo humponza mtu. Yalimponza dada mmoja wa Kiomani mwenye asili ya Unguja, mkaazi wa Al Khoudh, pembezoni mwa Maskati. Alipoiona bili ya mkahawani alianza kuhesabu kwa vidole. Mayonezi nyumbani ipo, pilipili ipo, asali ipo, bahari ipo. "Sasa hapa tunalipia nini? Gilasi?" alimwuliza mumewe. Mume, ambaye ndoa imeshamfundisha maswali gani hayataki jibu, aliendelea kutafuna. Kabla hawajafika kwenye gari, mama mkwe na wifi walikuwa wameshaalikwa kwa chakula cha usiku.

Bahari ya Omani haina uchoyo wa kamba, ila ina kalenda. Msimu wa kuwavua hufunguliwa Septemba na kufungwa mwisho wa Novemba. Miezi iliyobaki huachiwa wazaane na kukua. Mtu akifika katika soko la samaki la Mutrah msimu umekolea, hana haja ya kufikiri: anachagua, anapimiwa, anaondoka. Tamaa ya dada yetu ilimshika Aprili. Ikabidi aende kwenye friza za supamaketi, na huko akachukua pakiti ya kamba wa waridi, kwa kuwa ndio waliopendeza zaidi.

Mama mkwe, aliyekuja mapema ili asaidie, na pia ili aone, aliigeuza ile pakiti mara mbili. "Mwanangu, hawa wameshapikwa. Unataka kuwaua mara ngapi?"

Alikuwa na haki. Kamba mbichi aghalabu ni wa kijivu. Rangi ya waridi anayo tangu yuko baharini, lakini imefungwa ndani ya protini, na moto ndio unaoifungua. Kwa hiyo kamba wa waridi ndani ya friza ameshapita jikoni mwa kiwanda, na akirudishwa motoni nyama inakaza mpaka meno yanaomba radhi. Mume akatumwa kutafuta wa kijivu. Akawapata, wamevishwa barafu. Barafu ilipoyeyuka kwenye beseni, kila mtu aliangalia pembeni kwa adabu, maana kilichobaki hakikufanana na kilichobebwa.

Wakamenywa, mikia ikaachwa kama ya mkahawani, utumbo mweusi wa mgongoni ukavutwa kwa ncha ya kijiti. Wakanyunyiziwa chumvi na magadi ya kuokea, robo kijiko cha chai kwa nusu kilo, wakaachwa kwa muda wa robo saa. Magadi huzuia protini zisikazane sana wakati wa kuiva, na ndiyo maana kamba wa mkahawani hubaki amejaa, anajibu meno. Hatua hii haikuwa na ajali hata moja. Inatajwa hapa kwa ajili ya kumbukumbu tu.

Ajali ilianza na maji. Kamba waliosuuzwa walitolewa kwenye chujio wakiwa bado wanatiririka, wakapelekwa moja kwa moja kwenye karai la mafuta ya moto. Tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na ndani ya mafuta ya nyuzi 180 halina pa kutanukia isipokuwa juu, kwa aliyesimama karibu. Karai likaanza kutema. Mume akaingia na mfuniko wa sufuria ameushika mbele ya uso, dada akarudi nyuma mpaka kwenye jokofu, na mama mkwe akazima gesi kutoka upande wa pili bila kuinuka kwenye kiti. Kamba hukaushwa kwa karatasi za jikoni, mmojammoja, mpaka karatasi itoke kavu. Kazi hiyo haina raha na haipigwi picha, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kurukwa.

Kisha unga. Kwa mazoea ya samaki wa kukaanga, dada alichukua unga wa ngano na yai. Kamba wakatoka wamevaa makoti mazito, laini, ya kuvaliwa nchi za baridi. Unga wa ngano ukikutana na maji hujenga gluteni, ile inayoupa mkate mvutano wake. Katika mkate ni neema. Juu ya kamba inakuwa blanketi. Mikahawa hutegemea zaidi kornflawa, ule wanga mweupe wa mahindi ambao ukiubana kwa vidole unalia kwa sauti ndogo ya kukwaruza. Hauna gluteni, na ukikaangwa hukauka kuwa gamba jembamba. Kamba mkavu achovywe kwenye yai lililopigwa, avingirishwe kwenye kornflawa, akung'utwe, aingie karaini. Kukung'uta ni sharti, kwani vumbi la ziada huzama chini ya karai, likaungua na kuyatia mafuta uchungu.

Mafuta yenyewe yana siri ya wingi. Karai kubwa la mkahawa hujazwa lita nyingi za mafuta, na kamba kumi wakitumbukia joto halishtuki. Karai la nyumbani lina mafuta ya kuhesabika. Ukimwaga sinia zima kwa mkupuo kwa sababu wageni wanakuja, joto linaanguka, povu linanyamaza, na kamba badala ya kukaangika wanakunywa. Wasio na kipimajoto huzamisha ncha ya mwiko wa mbao: vipovu vikiuzunguka kwa bidii, twende. Kamba sita au saba kwa zamu, kama dakika mbili, watoke. Anayejikunja kidogo yuko sawa. Anayejikunja mpaka mkia ukagusa kichwa ameshapita.

Rojo lilikabidhiwa kijana wa nyumba, mwenye miaka minane, kwa imani kwamba kukoroga hakuna madhara. Sosi iliyotumika ni sriracha ya chupa yenye jogoo na kifuniko cha kijani. Aliyeitengeneza ni David Tran, aliyetoka Vietnam akaanza kiwanda chake Los Angeles mwaka 1980, na jogoo yupo kwa sababu Tran alizaliwa mwaka ambao kwa kalenda ya Kichina ni wa jogoo. Kijana hakuyajua hayo, ila alimpenda yule jogoo, na chupa ni laini, inabinyika. Alibinya kwa mapenzi. Mama yake akajaribu kusawazisha kwa asali, asali ikazidi, akaongeza mayonezi, mayonezi ikafanya rojo kuwa zito, akaamua kulipasha moto lilainike. Hapo likakatika. Mayonezi ni mafuta yaliyoshikiliwa na yai ndani ya maji kidogo, na moto huivunja hiyo suluhu mara moja. Kilichobaki sufuriani kilikuwa uji wa vipande unaoelea juu ya mafuta mekundu. Rojo la dainamaiti huchanganywa baridi, kwenye bakuli, na halioni jiko maisha yake yote.

La pili lilitoka vizuri. Zamu za kamba nazo zikatoka vizuri, wa rangi ya dhahabu, wakilia kwenye sahani walipogongana. Kwa muda mfupi jiko la Al Khoudh lilikuwa na kila kitu ambacho mkahawa ungekuwa nacho, isipokuwa wifi.

"Tuko njiani," alisema wifi kwenye simu. Nyuma ya sauti yake ilisikika pasi ikigongwa juu ya meza.

Basi mwenye nyumba akafanya ambalo kila mwanamke aliyelelewa vyema kutoka Lamu hadi Kilwa angelifanya: akawapaka kamba rojo, akawatia kwenye hotpoti, akaifunga kifuniko mpaka ikabana, akaiweka mezani juu ya kitambaa.

Hotpoti ni chombo cha heshima. Imeokoa harusi, futari na hitima zisizo na idadi. Mapishi ya mwambao yamejengwa kwa ajili ya mgeni anayechelewa: pilau ikifunikwa inazidi kukolea, biriani hupaliwa makaa juu ya mfuniko makusudi, mchuzi wa samaki wa jana una wapenzi kuliko wa leo. Mpishi wa nyumbani anafunzwa tangu utoto kwamba kusubiri ni kiungo. Dainamaiti haikupata malezi hayo. Gamba lake ni kavu, na kila kilicho karibu nalo kina maji: rojo la juu lina maji, kamba wa ndani ana maji, na mvuke unaotoka kwake ukizuiwa na kifuniko unarudi kumlowesha. Mkahawani kamba hupakwa rojo mhudumu akiwa amesimama pale, na gilasi inapita mbio kutoka jikoni hadi mezani. Hilo ndilo linalolipiwa. Mapishi anayo kila mtu. Nafasi ya kupika chakula na kukila papo hapo ndiyo adimu, hasa katika nyumba ambayo hakuna anayetia mkono sahanini kabla wakubwa hawajakaa.

Wifi alifika saa tatu kasorobo, ametakata, ananukia udi. Salamu zikasalimiwa, za nyumbani zikaulizwa, za Unguja zikaulizwa. Hotpoti ikafunguliwa. Matone yakadondoka kutoka kwenye kifuniko. Kamba walikuwa wamelala ubavu ndani ya dimbwi, magamba yamewavuka na kubaki chini.

"Mashaallah," alisema wifi, akitafuta pa kuanzia. "Mchuzi wake mzuri."

Kaka yake alikohoa. Wifi akashauri warudishwe kwenye kikaangio cha hewa, kile cha umeme ambacho sasa kina nafasi yake katika majiko mengi ya Maskati. Wakarudishwa. Kikaangio hicho hupuliza hewa ya moto, na kwa chakula kilichokaangwa kikavu hufanya kazi nzuri. Kwa kamba aliyekwisha kupakwa mayonezi na asali, sukari huungua kabla gamba halijakauka. Harufu ya kuungua ikaingia mpaka sebuleni, kengele ya moshi ikalia, na kijana wa nyumba akauliza kama hiyo ndiyo dainamaiti yenyewe.

Mama mkwe hakusema neno. Walikuwapo kamba wa zamu ya mwisho, waliokaangwa lakini hawajapakwa rojo. Aliwachukua, akafungua kopo la tui, akakaanga kitunguu na thomu, akatia ndimu na pilipili mbichi mbili zilizopasuliwa, akawarudisha kamba mwishoni mwishoni. Karibu saa nne walikula wali na kamba wa nazi kwenye sinia moja, na gilasi za mguu mrefu, ambazo kwa kweli zilikuwa gilasi za faluda, zikatumika kwa faluda.

Dada hakukata tamaa, aliubadilisha utaratibu. Msimu ulipofunguliwa Septemba, mume alirudi kutoka Mutrah na kamba wa siku hiyo, na wageni walewale wakaitwa tena. Kamba wakakaushwa, wakapangwa kwenye sinia wakiwa wamevaa kornflawa yao, rojo likawekwa kwenye jokofu, mafuta yakamiminwa. Jiko halikuwashwa. Wifi alipiga simu akasema wako njiani, mama mkwe akajibu kwamba wamefurahi kusikia, kisha akaenda kukaa kibarazani anapoweza kuliona lango.

"Mbona jiko baridi?" aliuliza wifi alipoingia, baada ya salamu.

"Tulikuwa tunakungoja wewe, wifi yangu," alijibu mwenye nyumba akimvisha aproni juu ya gauni, na kumpa bakuli na upawa. Zamu ya kwanza ilipotoka, wifi ndiye aliyepaka rojo, na kamba wakaliwa hapohapo jikoni, watu wamesimama, wanapuliza vidole. Sebuleni meza ilikuwa imeandaliwa kwa sahani sita na vitambaa vya kupangusia. Hakuna aliyekwenda kuikalia mpaka mama mkwe alipouliza kama chai nayo itanywewa wima.