Namna ya Kuidharau SF6

Kuidharau gesi ya SF6 (salfa heksafloridi) hakuhitaji ufundi. Haina rangi, haina harufu, haishiki moto, na ikiwa safi si sumu. Imo ndani ya swichi kubwa za kituo cha kupozea umeme, inazima cheche ambazo hewa ya kawaida haiziwezi. Anza hapo basi: mwambie fundi mgeni kwamba gesi hii ni salama, kisha nyamaza.

Halafu mtume ashuke kwenye mtaro wa nyaya bila kipimo cha oksijeni. SF6 ni nzito karibu mara 5 kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini kama maji kisimani na kuisukuma hewa juu. Fundi hatakohoa wala hatanusa chochote. Atalegea tu, aanguke, na mwenzake atakayeruka kumwokoa ataanguka papo hapo. Jambo hili halina mzaha: feni iwashwe, oksijeni ipimwe, ndipo mtu ashuke, tena asiwe peke yake.

Siku ya kufungua swichi iliyoungua ndani, fungua kifuniko mikono mitupu. Utakuta unga mweupe unaoelekea kijivu umetanda juu ya chuma na kujipenyeza kwenye mikunjo ya mpira. Ukisikia harufu ya yai bovu, endelea na kazi. Joto la cheche limeshaivunja gesi ile, na katika mabaki yake mna salfa dioksidi na haidrojeni floridi. Unga wenyewe ukikutana na jasho huweza kuzaa asidi inayopenya ngozi na kushambulia kalsiamu ya mwili. Pengine maumivu hayaji palepale; huja usiku, fundi akiwa nyumbani na wanawe. Kwa hiyo usinunue glavu zinazofaa, wala barakoa ya kuchuja gesi, wala vazi la kuvaliwa mara moja likatupwa. Na jeli ya kalsiamu glukoneti isionekane kabisa kwenye sanduku la huduma ya kwanza.

Imebaki gesi. Mashine ya kuinyonya na kuirudisha mtungini ni ghali na inakawiza kazi, sasa ya nini? Fungua vali, iende zake. Kilo 1 huipasha dunia joto, kwa hesabu ya miaka 100, sawa na tani 23.5 hivi za kaboni dioksidi, na hudumu angani karne nyingi. Ndiyo maana imo katika Itifaki ya Kyoto ya 1997. Umoja wa Ulaya, isipokuwa kwa masharti maalumu, umezuia kuanzia 2026 swichi mpya za hadi kilovolti 24 zenye gesi hii, kwa sababu zipo zinazotumia vakyumu na hewa kavu.

Afrika Mashariki bado tunajenga vituo, na swichi tunazoagiza leo tutakaa nazo miongo kadhaa. Anayeandika zabuni aandike waziwazi: swichi isiyo na SF6 pale inapopatikana; pale isipopatikana, mashine ya kunyonya gesi, vifaa vya kujikinga na mafunzo ya mafundi viwe ndani ya bei hiyohiyo.