Kibanda cha Milioni Sita

Siku niliyoanza kusomea uhasibu, habari zilifika mtaani kwetu Buyenzi kabla yangu. Asubuhi nilitoka nyumbani na jina nililopewa na wazazi wangu; alasiri niliporudi naitwa "Mhasibu". Hadi saa ile nilikuwa nimesoma kipindi kimoja tu, nacho tulikitumia kunakili ratiba.

Anayesomea udaktari haitwi kupasua mtu wiki ya kwanza. Anayesomea uhasibu hana bahati hiyo. Wiki ya pili tu nilichaguliwa mhazini wa kamati ya harusi ya binamu yangu. Hakuna aliyeuliza kama naweza. "Si anasomea pesa huyu?" alisema mzee mmoja, na kikao kikapitisha kwa makofi.

Harusi hapa Bujumbura haibebwi na mtu mmoja. Ndugu, majirani na wenzako wa kazini hukutana, kila mmoja akataja atachangia kiasi gani. Warundi huita jambo hilo gutwerera. Kutaja ni rahisi, maana ulimi hauna mfuko. Kutoa ndiko kwenye kazi, na ndiyo maana kamati huwa na mhazini. Mzee aliyeshika daftari kabla yangu alikuwa na mfumo wake: aliyetoa alipigwa tiki, ambaye hajatoa aliachwa wazi. Miaka yote hiyo hakugombana na mtu.

Mimi nilikuwa nimetoka kufundishwa mpango wa hesabu, ule tuliorithi kutoka kwenye uhasibu wa Kifaransa. Kila kitu kina kundi na kila kundi lina namba. Kundi la 1 ni mtaji, la 2 mali za kudumu, la 3 bidhaa zilizo ghalani, la 4 watu tunaodaiana nao, la 5 fedha, la 6 gharama, la 7 mapato. Ndani ya kundi la 4 kuna chumba kidogo cha pembeni kinachoitwa clients douteux, yaani wateja wa shaka: wale ambao huna uhakika kama deni lao litalipwa. Chumba hicho kilinivutia mno. Nikakesha nikiwapanga ndugu zangu humo.

Jumapili kikao kikakaa. Sambusa zilikuwa zimezunguka mara moja, watu wametulia. Nikasimama, nikakohoa kama mkurugenzi, nikasoma: "Kundi la 5, fedha taslimu." Vichwa vikatikiswa kwa heshima. Nikafungua ukurasa. "Kundi la 4, watu wa shaka. Wa kwanza, Shangazi."

Sambusa zikasimama njiani.

"Mimi?" Shangazi aliuliza. "Mimi niliyemlea bwana harusi mwenyewe, leo ni mtu wa shaka?"

Nikajaribu kumweleza kuwa shaka hiyo ni ya kitaalamu, haimgusi mtu tabia yake. Hapo ningenyamaza ningeokoka. Lakini mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba deni la shaka hutengewa kiasi mapema, ili hasara ikija isikukute umelala. Nikaongeza: "Na wala usijali, Shangazi, nimeshakuwekea fungu la hasara."

"Mmesikia?" akawageukia wazee. "Ameshanihesabu hasara!"

Uhazini wangu uliishia hapo. Daftari likarudi kwa mzee wa tiki, akafuta kichwa cha habari nilichoandika, akaendelea pale alipoishia.

Darasani tulikuwa tukifundishwa pia mfumo wa kuandika kila jambo mara mbili. Mtu wa kwanza kuchapisha maelezo yake kamili ni Luca Pacioli, mtawa wa Kitaliano, katika kitabu kilichotoka Venice mwaka 1494. Si yeye aliyeubuni. Wafanyabiashara wa Venice walikuwa wakiutumia siku nyingi, yeye akauweka kwenye maandishi. Wazo la mfumo huo ni jepesi: kinachoingia mahali kimetoka mahali. Ukiandika debi upande huu, andika kredi upande ule, na mwisho wa siku pande mbili zilingane. Ni wazo zuri. Ila naamini huko utawani Pacioli hakuwahi kuchaguliwa mhazini wa harusi.

Baada ya aibu ile niliapa kubaki na namba tupu, maana namba haina shangazi. Kumbe namba nayo ina ukoo.

Kifaransa chetu tulikipata kwa Wabelgiji, waliotutawala hadi 1 Julai 1962. Kwao, na kwetu hadi leo, 70 ni septante na 90 ni nonante, neno moja, limekwisha. Mfaransa wa Ufaransa hana wepesi huo. Kwake 70 ni sitini-na-kumi, na 90 ni ishirini-mara-nne-na-kumi. Akitaka kukutajia 75, anataja sitini, anataja kumi na tano, kujumlisha anakuachia wewe.

Mwalimu wetu mmoja alikuwa amesomea Ufaransa. Siku moja alitusomea zoezi kwa imla: mfanyabiashara wa vitenge ana mtaji wa faranga 2.000.000, amenunua hiki, ameuza kile, na amelipa kodi ya kibanda faranga soixante… Hapo alikohoa. Halafu: …quinze mille. Mimi nikaandika 60. Kikohozi kikapita. Nikaandika 15. Nikaandika elfu. Nyumbani nikanakili kwa mwandiko safi, na kodi ya kibanda ikasimama upande wa debi ikiwa faranga 6.015.000. Upande wa kredi sikuuwahi kwa sababu kalamu iliisha wino, nikauchukua kwenye daftari la jirani yangu wa dawati. Kwake imeandikwa 75.000.

Saa tatu usiku nikajumlisha. Pande mbili zimepishana kwa 5.940.000.

Sikutishika, nilikuwa na silaha. Wahasibu wana kanuni ya 9. Ukikosea kwa kugeuza tarakimu, 54 ukaiandika 45, tofauti ni 9. Ukigeuza 82 ikawa 28, tofauti ni 54, nayo hugawanyika kwa 9. Kwa hiyo tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kushuku kuwa mahali fulani tarakimu zimebadilishana viti. Nikagawa. 5.940.000 kwa 9 ni 660.000 kamili. Nikapiga ukelele wa furaha hadi mama akauliza kuna nini. Nikamjibu: "Nimemkamata!"

Sikuwa nimemkamata mtu. Saa nne umeme ukakatika. Nikaendelea kwa tochi ya simu, nikiikagua kila namba kama askari wa mpakani: wewe ulikuwa 63 au 36? Wewe 270 au 720? Simu ikazima. Nikawasha mshumaa. Adhana ya alfajiri ilinikuta nimepitia zoezi lote mara nne, na hakuna tarakimu hata moja iliyohama kiti.

Asubuhi akapita baba mdogo. Yeye ni fundi magari, kama mafundi wengi wa Buyenzi, na vidole vyake vina grisi isiyotoka hata siku ya Idi. Akaketi, akavuta chai, akavuta na daftari langu. Kidole kikashuka polepole kwenye ukurasa, kikiacha njia nyeusi, kikasimama.

"Mhasibu. Hiki kibanda kiko wapi?"

"Kokote, baba mdogo. Ni zoezi tu."

"Kokote wapi? Mimi nalipia gereji nzima, na mlinzi juu yake, na siijui kodi hii. Mtu ana mtaji wa milioni mbili, analipaje kodi milioni sita? Watoto wake wanakula nini?"

Nikaitazama ile namba. Nayo ikanitazama. Usiku kucha nilikuwa nimeipita mara nne nikiuliza kama tarakimu zake zimekaa vizuri, na zilikuwa zimekaa vizuri sana. Sikuwa nimeuliza kama inawezekana.

Baadaye nilikaa nikapiga hesabu ya aibu yangu. Kuandika 60 kisha 15 mahali pa 75 ni kuisogeza 60 nafasi mbili kwenda kushoto. Tofauti inayozaliwa ni 60 mara 99, na chochote ukizidisha kwa 99 kitagawanyika kwa 9. Kanuni haikunidanganya, mimi ndiye niliyedhani 9 ina mzazi mmoja.

Mngedhani nimekoma. Mwezi uliofuata baba mdogo aliniletea karatasi ya bei ya vipuri kutoka Kigoma. Nikamsomea kwa sauti ya msomi: "Kipande kimoja ni shilingi kumi na mbili na nusu." Akaacha spana. Kwetu tunaosoma kwa Kifaransa, mkato hutenga sehemu ya desimali, na maelfu tunayatenga kwa nukta. Kwa Mtanzania na Mkenya, mkato ndio unaotenga maelfu. Karatasi ilisema 12,500. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini mkato wetu bado haujavuka mpaka, na anayetaka kufanya mitihani ya uhasibu ya CPA ya majirani zetu itambidi ajifunze alama hii upya kama mtoto wa chekechea. Baba mdogo hakusubiri nimweleze. "Kumi na mbili na nusu hununui hata pipi," alisema, akaokota spana yake.

Siku hizi, kabla ya kujumlisha chochote, napita kwenye kila namba na kuiuliza swali la fundi: uko wapi wewe, na unakula nini? Mwalimu akiona alama zangu za kuuliza pembeni mwa ukurasa hudhani sijaelewa somo. Maksi zangu zimepanda.

Na Shangazi? Siku mbili kabla ya harusi alileta mchango wake wote, na akazidisha. Hakumpelekea mzee wa tiki, alikuja kwangu, akahesabu noti moja moja mezani, akadai risiti. Nikamwandikia. Akaisoma, akanirudishia, akaweka kidole kwenye sehemu ya maelezo. Hakuondoka mpaka nilipoandika, kwa mkono wangu na kwa herufi kubwa: HANA SHAKA.