Datsun ya Mwalimu Yafika Mpuguso

Mashindano ya magari ya Safari ya mwaka 1973 yaliisha kwa sare. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na Lofty Drews akimsomea njia, alimaliza na pointi sawa kabisa na Harry Källström wa Sweden. Wote wawili walikuwa ndani ya Datsun, ila ya Mehta ilikuwa 240Z, ile ya boneti ndefu na mgongo ulioinama. Waamuzi wakarudi kwenye kanuni, kombe likaenda kwa Mehta. Miaka miwili kabla ya hapo Edgar Herrmann na Hans Schüller walikuwa wameshinda kwa gari la aina hiyo hiyo, Mehta akawa wa pili.

Habari hizo zilifika Mpuguso, huku Rungwe, zikiwa zimefungiwa chumvi. Mtoto mmoja wa darasa la tatu alitumwa dukani, akarudi na robo ya chumvi ndani ya kipande cha gazeti chenye picha ya gari likirusha matope kushoto na kulia. Chumvi ikaingia jikoni, gazeti likabandikwa ukutani. Picha yenyewe ilikuwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo mtoto akakua akiamini kwamba Datsun ya Safari ni ya kijivu. Alipokuja kujua kuwa ilikuwa nyekundu alikuwa tayari ana wajukuu, na taarifa hiyo ilimkosesha raha wiki nzima.

Mtoto huyo akawa mwalimu, akafundisha fizikia hadi akastaafu. Hapa tumwite Mwalimu tu, kama wanavyomwita majirani, maana jina lake halitasaidia kulikwamua gari.

Mafao yalipoingia, nyumba ilikuwa na mipango miwili. Mkewe alitaka ng'ombe wa maziwa, mpango ambao hapa Rungwe hauhitaji kutetewa na mtu. Mwalimu naye alikuwa amesikia kwamba nje kidogo ya mji wa Mbeya kuna 240Z imelala bandani tangu mwenyewe afariki. Kikao kikaitishwa mezani.

"Inakula nini?" mkewe akauliza.

"Petroli."

"Inatoa nini?"

Mwalimu, mtu wa fizikia, akajibu kwamba inatoa nguvu za farasi 150. Mkewe akamwambia alete hata farasi mmoja tu, atamkamua.

Hesabu hiyo ya farasi haikuwa ya kutunga. 240Z ilitambulishwa mwishoni mwa 1969, ikiwa na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa cc 2,393, kabureta mbili, na uzito unaozidi tani moja kidogo tu. Kwenye barabara nzuri ilikaribia kilomita 200 kwa saa. Ilikuwa na viti viwili, na nyuma mlango wa kioo unaofunguka kwenda juu. Msomaji aukumbuke mlango huo, una makosa yake mbele ya safari.

Bandani, Mwalimu alilikuta gari limepakwa rangi ya mafuta ya bluu, ile ya madirisha, tena kwa brashi. Matairi yalikuwa yamelala. Kwenye kiti cha abiria kuku alikuwa ameatamia. Mjane wa mwenye gari, mama mstaarabu asiyependa maneno mengi, alikubali bei na kupokea malipo ya awali, lakini akatoa sharti moja: gari halitoki mpaka vifaranga vitoke. Kwa hiyo mtu aliyeisubiri Datsun yake nusu karne akawa anapiga simu Mbeya kuulizia hali ya mayai.

Vifaranga vilipotoka, fundi akaingia. Akasafisha kabureta, akabadilisha platini, plagi, betri na mipira ya breki, akalishusha tenki la mafuta na kumwaga kutu iliyokuwamo. Injini ikawaka. Injini za ukoo huu zilifungwa kwenye Datsun nyingi za enzi zile, kwa hiyo mtu mwenye subira na fundi mwenye kumbukumbu hawakosi cha kuokoteza. Taabu iko kwenye vitu vya nje: vioo, taa na mipira ya milango. Hivyo vyote kwetu havipatikani hata kwa kuotea.

Kijana wa bima alilitafuta gari kwenye kompyuta yake, akaliona neno Datsun, akaandika "pikapu". Mtu asimlaumu sana. Datsun wanayoikumbuka Watanzania wengi ni ile pikapu ya 1200 iliyobeba viazi, wanakwaya na maharusi, pengine siku hiyo hiyo. Mwalimu alibisha mpaka ikasahihishwa. Alinunua na kizima moto, akanunua pembetatu, akabandika stika zote zinazotakiwa, akapanda na fundi pembeni, wakaianza njia ya nyumbani.

Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi. Ukiliacha jiji kupitia Uyole, barabara inapanda hadi kuvuka mita 2,000, kwenye ukungu wa Isyonje, kabla ya kuanza kuteremka kuelekea Kiwira. Kupanda huko ndiko kulikoitoa Datsun siri yake ya kwanza. Huko juu hewa ni nyepesi, na kabureta halijui kupima hewa. Linaendelea kumwaga petroli ile ile kama lilivyofundishwa bondeni. Moshi mweusi ukatanda nyuma. Malori ya kwenda Malawi yakaanza kulipita, kisha mabasi, kisha bajaji moja iliyokuwa na magunia ya mkaa. Dereva wa bajaji alipiga honi kwa heshima, na hilo ndilo lililouma zaidi.

Siri ya pili ilitoka nyuma, kwenye ule mlango wa kioo. Hili ni tatizo linalofahamika kwa wenye 240Z wa dunia nzima: mpira wa mlango huo ukichakaa, moshi wa eksozi hauondoki na upepo, unanyonywa ndani ya gari. Dawa ya haraka ni kushusha vioo. Mvua nayo ikaanza. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu nzuri ya mgao huo iliamua kushuka jioni hiyo. Wakifunga vioo wanakohoa, wakifungua wanalowa. Wakakubaliana kufungua. Waipa ilifanya kazi moja tu, ya upande wa abiria, hivyo fundi ndiye aliyekuwa anaona njia na Mwalimu ndiye aliyekuwa anashika usukani. Hata Mehta na Drews waligawana kazi, alisema Mwalimu. Fundi hakucheka.

Mbele wakasimamishwa na trafiki. Mwalimu, itabidi tuseme ukweli, alifurahi. Katika maisha yake yote ya kuendesha magari ya watu alikuwa hajawahi kupigwa tochi, na mtu ukinunua gari la mashindano unategemea angalau hilo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimezidisha?"

Trafiki akamwonyesha namba: 38, mahali panaporuhusiwa 50. Alikuwa amemsimamisha ili aulize hili ni gari gani, na kama linauzwa. Akalizunguka, akapiga picha akiwa ameegemea boneti, kisha akauliza kama kweli lina mbio.

"Lina mia mbili."

"Mbona tochi inasoma thelathini na nane?"

"Nalipasha moto," Mwalimu akajibu, nguo zikimchuruzika maji.

Hapa inafaa kusema jambo ambalo picha ya gazeti haikulisema. Datsun zilizoshinda Safari hazikuwa magari ya dukani. Ziliinuliwa, zikafungwa bamba la chuma chini ya injini, zikaongezewa taa mbele, na nyuma yake kulikuwa na magari ya huduma yenye mafundi, matairi na spea. Na hata kwa maandalizi ya namna hiyo ushindi haukuwa wa uhakika: Porsche 911, gari linalosifiwa kuliko haya yote, halikuwahi kuishinda Safari hiyo ya zamani. Liliambulia nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na tena 1978. Datsun ya Mwalimu ilikuwa imekaa chini kwa springi zilizochoka, na gari lake la huduma lilikuwa chupa ya chai.

Kila tuta la Kiwira lilikwangua tumbo la gari kuanzia mbele hadi nyuma, polepole, sokoni pote watu wakisikia. Wafanyabiashara wa ndizi wakajua gari limeharibika, wakaja kusaidia. Mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wake wa zamani, akamtambua.

"Mwalimu! Unakwenda Mpuguso? Ndaga fijo, asante sana, Mungu amekuleta."

Mwalimu alimweleza kwamba gari lina viti viwili na vyote vina watu. Mama akasema yeye hana shida ya kiti, atapanda Noah. Shida yake ni mizigo. Kabla fundi hajafungua mdomo, mlango wa kioo ulikuwa juu na mikungu mitatu imelala nyuma, imetulia vizuri kabisa. Wahandisi wa Japani walipochora sehemu ile walifikiria mabegi ya wapenzi wawili wanaokwenda ufukweni. Ukweli ni kwamba inameza ndizi kuliko IST.

Ndizi zikalishusha gari nyuma na kuinua taa za mbele hadi zikamulika vilele vya miti. Wakaipita Tukuyu mjini hivyo, wakaiacha lami.

Udongo wa Rungwe umetokana na volkano. Unaotesha kila kitu, na ukilowa unateleza kiasi kwamba watembea kwa miguu nao wanahitaji gia. Kwenye kona ya mwisho kabla ya nyumbani, nguvu za magurudumu ya nyuma zikakutana na utelezi huo. Mkia ukaenda kulia, pua kushoto, matope yakaruka pande zote mbili, na kwa sekunde mbili hivi Mwalimu aliendesha Datsun 240Z kama alivyoiona ukutani mwa nyumba ya mama yake. Sekunde ya tatu ilikuwa ya mtaro. Kisiki cha mgomba hakikufanya kitu, lakini pembeni yake kulikuwa na kisiki cha mparachichi, na hicho kilivunja kioo cha taa ya nyuma.

Watoto wakatoka migombani kama walikuwa wameitwa kwa kengele. Wakashika, wakahesabu, wakasukuma, wakahesabu tena. Bibi jirani, aliyekuwa amesimama na mwavuli akisimamia kazi, alichungulia ndani, akaviona viti, akauliza swali ambalo kijiji kizima kilikuwa nalo: "Na sisi wengine tutakaa wapi?"

Swali hilo ndilo lililomsumbua Mwalimu kuliko mtaro. Vijijini kwetu mwenye gari hana gari peke yake. Ana gari la kupeleka mgonjwa, gari la msiba, gari la kwaya siku ya Jumapili. Gari lisilochukua zaidi ya mtu mmoja na dereva ni jambo linalohitaji maelezo, na Mwalimu hakuwa na maelezo. Ndipo yule mama wa ndizi aliposhuka kwenye Noah, akakuta mikungu yake haina hata mchubuko, akawatangazia waliokuwapo kwamba gari lina buti zuri.

Tangu siku hiyo kazi ya Datsun imepangwa na watu wengine. Siku za gulio inabeba ndizi, na asubuhi inabeba madumu ya maziwa ya majirani, maana mkewe hajapata ng'ombe bado na hachoki kulitaja hilo kila dumu linapopakiwa. Malipo ya usafiri anayapokea yeye. Mwalimu anaridhika kuachiwa usukani.

Tangu mwaka 2003 kuna mashindano ya magari ya zamani ya Safari yanayofanyika Afrika Mashariki, na 240Z hushiriki. Mwalimu anazo kanuni zake, amezichapa na kuzipigia mstari. Fundi wake ameziona, akashauri waanze na waipa ya upande wa dereva.

Waipa imepatikana. Kioo cha taa ya nyuma, upande wa kulia, hakijapatikana Tukuyu, Mbeya wala Dar es Salaam. Msomaji mwenye nacho, hata chenye ufa, akifika Mpuguso aulize nyumba ya gari la bluu. Mwalimu atalipa taslimu, na akiishiwa ataongezea ndizi.