Jinsi ya Kutoka Hospitali Siku Hiyohiyo Bila Kukimbilia Kilwa

Mwongozo huu ni wa watu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga na pwani yote mpaka Lindi, waliopangiwa kuzibuliwa mshipa wa moyo Dar es Salaam na kuambiwa kwamba wakiendelea vizuri watatoka jioni. Usome ukiwa na mkweo, shemeji yako na yule jirani mwenye jibu la kila ugonjwa, maana maelekezo mengi humu yanawahusu wao.

Hatua ya kwanza: Jua ulichofanyiwa

Zamani wagonjwa wengi wa namna hii walisubiri kupelekwa India. Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, yenye mtambo wa Cathlab. Kifua hakipasuliwi. Mrija mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa damu mpaka moyoni, puto dogo hujazwa mahali palipoziba, kisha huachwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachozuia njia isijifunge tena.

Andreas Grüntzig alipofanya kazi hiyo kwa puto mara ya kwanza, Zurich, Septemba 1977, alipitia pajani. Aliyepitiwa pajani hulazimika kulala chali saa nyingi. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam alipitisha stenti kwenye kifundo cha mkono, na hapo njia ya kwenda nyumbani siku hiyohiyo ikafunguka.

Ukishatoka kwenye mtambo utavishwa bangili ya plastiki iliyojazwa hewa, ikibana pale palipotobolewa. Muuguzi atakuja na bomba la sindano, atavuta hewa kidogo, atatazama kama damu inachuruzika, ataondoka, atarudi tena. Usimharakishe. Kwa kawaida mgonjwa huangaliwa muda wa saa 4 hadi 6, kwa sababu tatizo kubwa likitaka kutokea, mara nyingi hujitokeza mapema.

Hatua ya pili: Tafuta pa kulala, na pasiwe Kilwa

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Madaktari humruhusu mtu siku hiyohiyo kwa masharti: kazi imekwenda bila hitilafu, hali yake imetulia, kuna mtu mzima wa kulala naye nyumba moja, na hospitali iko karibu kiasi cha kurudi upesi. Sharti hilo la mwisho ndilo linalotuangusha sisi wa kusini. Kutoka Muhimbili mpaka Kilwa Masoko ni kilomita zipatazo 300. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 tulipumzika kungoja pantoni Rufiji, lakini Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara maeneo ya Somanga, magari yalikwama huku na huku. Mshipa ukileta shida usiku ukiwa Ikwiriri, basi halitageuza kwa ajili yako.

Kwa hiyo mapema, kabla hata hujapanda basi la kwenda, mpigie mpwa wako wa Mbagala au Temeke. Mwambie wazi kwamba unahitaji kitanda cha chini, usiku kadhaa, mpaka daktari aseme safari inaruhusiwa. Kama huna ndugu mjini, mweleze daktari mapema kabla ya siku ya kazi. Kulazwa usiku mmoja si aibu wala si dalili kwamba umeharibika. Kwa mtu wa mbali ndiyo tiba yenyewe.

Hatua ya tatu: Gawa vyeo

Ndugu zetu wana upendo usio na ratiba. Wape kazi.

*Bawabu.* Anafaa shangazi mwenye sauti. Anapokea wageni, anawashukuru, anapokea na maembe yao, kisha anawaaga kabla mgonjwa hajasimulia habari yake mara ya saba.

*Katibu wa vidonge.* Kijana mwenye simu yenye kengele. Vidonge alivyoandika daktari vinanunuliwa kabla ya kuondoka hospitali, na karatasi ya kuruhusiwa inakaa kwake.

*Afisa usafiri.* Anajua gari la nani lina mafuta na dereva gani huamka akipigiwa saa nane za usiku. Bodaboda haihesabiki.

Hatua ya nne: Linda mkono

Mara nyingi hupitiwa mkono wa kulia, mkono ambao pwani nzima inataka kuushika. Watoto wakija kuamkia, "Shikamoo babu" na "Marahaba" zinatosha. Asiushike wala kuubusu mtu. Kukuna nazi, kuteka maji, kubeba ndoo na kuvuta nyavu vingoje siku ambazo daktari atakutajia. Kidonda kisilowe mwanzoni, basi muulize sheikh wako namna ya kupangusa juu ya bandeji wakati wa udhu. Kwenye sujudu usijiinue kwa kuegemea kifundo hicho, swali umekaa. Kunywa maji ya kutosha kama ulivyoelekezwa, ili figo zitoe ile dawa ya rangi iliyotumika kuonyesha mishipa. Kama ni Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake, aitumie.

Hatua ya tano: Jua lini ukimbilie hospitali

Damu ikitoka, bonyeza kwa nguvu papo hapo na uinue mkono. Ikiwa haijakoma baada ya dakika 10, nenda hospitali. Ikiruka, ondoka palepale huku mtu akiendelea kubonyeza. Vidole vikipoa, vikibadilika rangi au kufa ganzi, nenda. Kifua kikibana, pumzi ikikatika au jasho la baridi likikutoka, usichemshiwe tangawizi, usisubiri kupambazuke. Mwite afisa usafiri.

Hatua ya sita: Rudi kusini na karatasi zako

Siku ya safari ikifika, karatasi isiingie kwenye buti la basi. Ukishafika, ipeleke Hospitali ya Kinyonga pale Kivinje, au Sokoine ukiwa Lindi, wajue kwamba una stenti na unatumia dawa gani. Kwa kawaida mtu huandikiwa aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi kadhaa, na daktari ndiye mwenye kauli ya kuziacha. Ukizikatiza kwa sababu umepata nafuu, damu inaweza kuganda ndani ya stenti na kuleta shambulio la moyo. Anayetaka kukung'oa jino aambiwe kwanza. Anayekuletea mizizi ashukuriwe, mizizi ikae. Ng'onda wa chumvi nyingi apungue, sigara iishe kabisa.

Na vikibaki vidonge vya wiki moja, tuma pesa ya vingine. Usingoje kibaki kimoja.